Kabla ya kununua ploti Kikoneni, andika ‘kama’ zako zote

Tuseme jioni ya leo simu yako inalia. Ni broka. Anakwambia amepata ploti Kikoneni, vyumba sita, vyote vina watu, kodi inaingia kila mwezi bila stori. Mwenyewe ana shida ya haraka na anaitoa kwa Sh1.8 milioni. Halafu anapunguza sauti: kuna mtu wa Nairobi anaiulizia. “Tuma laki mbili leo tuishikilie. Hayo mengine tutaandikiana kesho kwa mzee wa kijiji.”

Wewe uko Ukunda, umekaa kwenye keja yako ya kulipia, na akiba ya Sacco uliyojinyima miaka minne imefika mahali pazuri. Kichwani hesabu imeanza yenyewe. Vyumba sita kwa Sh2,500 ni elfu kumi na tano kwa mwezi. Mwaka ni laki na themanini. Miaka kumi pesa yako imerudi, na ploti bado ni yako. Mwenye nyumba ndiye wewe sasa.

Sikwambii uikatae ploti hiyo. Huenda ni dili safi kabisa. Ninachokuomba ni kimoja: hizo laki mbili zisitoke usiku huo. Kabla shilingi yoyote haijaondoka kwako, kaa chini uandike ‘kama’ zako zote.

Namaanisha hivi. Nitanunua kama hati ni ya huyu anayeniuzia. Nitanunua kama familia yake imekubali. Nitanunua kama vyumba viko sita na vina wapangaji kweli. Nitanunua kama Sacco itanipa mkopo. Na kama lolote kati ya hayo halitatimia kufikia tarehe fulani, mkataba umekufa na pesa yangu inarudi yote. Mawakili huyaita masharti ya mkataba. Wewe yaite ‘kama’ ukipenda. Muhimu yawe kwenye karatasi kabla ya saini.

Vijana wengi tumelelewa tukiambiwa kuwa kununua ardhi ni ujasiri. Anayechelewa anachekwa, anayeuliza maswali anaambiwa ni mwoga. Mimi naona kinyume chake. Kutuma pesa kwa mtu uliyejuana naye wiki jana hakuna ushujaa wowote ndani yake. Na wazee wetu hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ardhi yetu ina wenyewe wengi

Anayenunua fleti Nairobi ana hatari zake. Anayenunua Kwale ana za kwake, na hazionekani kwenye picha za WhatsApp.

Hati miliki inaweza kuwa na jina moja huku ardhi ikiwa na watu ishirini. Babu alisajiliwa zamani, akafariki, watoto wakajenga, wajukuu wakajenga. Leo mjukuu mmoja anauza kipande. Miongoni mwa Wadigo jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kuna desturi ya zamani ya mpwa kumrithi mjomba, na kuna sheria ya Kiislamu ambapo watoto wanarithi wazazi wao. Familia moja inaweza kuwa na watu wawili, kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba shamba ni lake. Hakuna hata mmoja kati yao aliye tapeli. Lakini ukimlipa mmoja bila mwingine kujua, kesi umeinunua wewe.

Sheria ya urithi ya Kenya haina mzaha hapa. Mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo muuzaji akisema “ilikuwa ya marehemu baba lakini sote tumekubaliana”, sharti lako la kwanza limejiandika: ununuzi utaendelea kama cheti cha usimamizi kilichothibitishwa kitaletwa, na kama wote waliotajwa humo watatia saini. Familia za Kiislamu zinaweza kupitia Mahakama ya Kadhi. Popote walipopitia, taka karatasi.

Kama muuzaji ana mke au mume, idhini yake pia iandikwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Usitosheke na “mke wangu hana neno”. Mama akija mwenyewe akatia saini, utajua hana neno.

Halafu kuna lile la Pwani hasa: nyumba bila ardhi. Mombasa, mitaa kama Majengo, mtu anamiliki nyumba lakini ardhi chini yake ni ya mwingine, na humlipa kodi ya kiwanja. Ukinunua nyumba ya namna hiyo umenunua kuta na mabati. Na miti nayo ni hivyohivyo. Kwa mila za huku, minazi inaweza kuwa ya shangazi ilhali shamba ni la kaka yake. Basi mkataba useme wazi: nauziwa ardhi, nyumba zilizo juu yake, na miti iliyomo. Sentensi hiyo moja fupi inaweza kukuepusha na miaka mitano ya kugombania madafu.

Hati peke yake haitoshi

Najua utasema: “Lakini nimefanya sachi ofisi ya ardhi, jina ni lake.” Vizuri. Umeanza. Hujamaliza.

Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja Nyali, kando ya bahari, na ilikuwa imekinunua kutoka kwa mwenye hati aliyetangulia. Majaji wakasema hati peke yake haitoshi. Ikiwa namna kiwanja kilivyogawiwa mara ya kwanza kabisa ilikiuka sheria, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya neno “sikujua”. Ikiwa kampuni yenye mawakili wake ilifikia hapo, wewe na sachi yako ya juzi mtafika wapi?

Kwa hiyo sharti la hati liwe na meno. Muuzaji atoe historia ya umiliki tangu ardhi iliposajiliwa, si ukurasa wa mwisho tu. Sachi irudiwe siku chache kabla ya malipo ya mwisho. Na kama itaonekana ardhi imewekwa rehani benki, au kuna mtu ameweka kizuizi, au ni sehemu ya ardhi ya umma au ya jamii, mkataba ukome na pesa irudi.

Kikoneni ni sehemu ya mashamba, kwa hiyo kuna mlango mwingine wa kupitia: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ardhi ya kilimo haiuziki bila kibali cha bodi hiyo. Maombi yanapelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, na bila kibali mauzo hayo kisheria ni batili. Soma tena: batili. Unaweza kuwa umelipa yote, umekunywa soda na familia, umepaka vyumba rangi, na bado sheria ikasema hakuna mauzo yaliyofanyika. Sheria hiyohiyo inakuruhusu kudai pesa zako kama deni. Lakini kumdai mtu aliyekwisha kulipa karo na kununua pikipiki unajua kulivyo. Andika basi: malipo ya mwisho yatafanywa kama kibali cha Bodi kimetolewa, na muuzaji atahudhuria kikao cha Bodi mwenyewe.

Wapangaji nao ni sehemu ya mkataba

Hapa ndipo ploti ya kupangisha inapotofautiana na kiwanja kitupu. Wewe hununui vyumba sita tu. Unanunua na watu waliomo, kodi zao, madeni yao na dipoziti zao.

Broka amesema vyumba vyote vina watu. Mwambie aandike. Majina ya wapangaji, kila mmoja analipa ngapi, amelipa hadi mwezi gani, ameacha dipoziti ngapi. Sharti liseme orodha hiyo itathibitishwa na wapangaji wenyewe, na dipoziti zote zitakatwa kwenye bei kwa sababu siku wakihama watakudai wewe. Nenda mwenyewe, jioni, watu wakiwa wamerudi kazini. Vyumba vitatu vikiwa na giza na kufuli zenye kutu, umepata jibu lako.

Kuna na hili ambalo mabroka hawalitaji. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi bado inalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi. Huwezi kuingia leo, kesho ukapandisha hadi elfu nne, keshokutwa ukawatoa watu nje. Na ile duka ya mbele, kama mwenyewe anapanga bila mkataba wa maandishi, analindwa na sheria nyingine: notisi isiyopungua miezi miwili, kwa fomu maalumu, na ana haki ya kwenda kwenye jopo la kuamua mizozo hiyo. Mimi naona sheria hizo ni za haki, maana wengi wetu tumekuwa wapangaji na tunajua kutolewa vitu nje kulivyo. Lakini kama hesabu yako ya faida imesimama juu ya kupandisha kodi mara tu utakapoingia, hesabu hiyo ifanye upya kabla ya kutia saini.

Na choo je? Maji yanatoka wapi? Mvua za masika zikinyesha, uani kunakuwaje? Mtafute fundi anayejenga huku, si rafiki wa broka, aangalie ukuta, paa na shimo la choo. Mtafute na serveya aonyeshe mawe ya mpaka. Sharti liseme: nitanunua kama serveya atathibitisha ukubwa na kwamba vyumba vyote sita vimo ndani ya mpaka. Choo kikiwa upande wa jirani, mtashikana mashati.

Mwambie aandike

Nakupa kipimo kimoja rahisi. Chochote anachokwambia muuzaji au broka ili akuvutie, mwambie akiandike kwenye mkataba. Akikubali, mna mazungumzo. Akianza kucheka na kusema “hayo si ya kuandika”, basi hayo si ya kuaminiwa.

Tuchukue mfano wa madini. Mlima Mrima uko huko karibu, na watu wamesikia habari za niobium na madini adimu hadi wamechoka. Broka atakwambia mgodi unakuja, ploti yako itajaa wahandisi. Ukweli ni kwamba mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec huko Mrima, kampuni ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa. Kule Maumba na Nguluku, Base Titanium ilichimba kwa zaidi ya miaka kumi, kisha ikasimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Wazazi wetu wanakumbuka pia kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilivyoporomoka miaka ya 1980. Kazi zinakuja, zinaondoka, na wapangaji huenda nazo. Hakuna mkataba utakaokulinda dhidi ya hilo, kwa hiyo usilipe leo bei ya mgodi ambao haupo. Lipa bei ya walimu, mafundi, wauza mitumba na bodaboda wanaolala humo usiku wa leo.

Pesa ikae wapi?

Hili ndilo naliona kubwa kuliko yote. Sharti bila mahali salama pa kuweka pesa ni maneno matupu. Mkataba unaweza kusema vizuri sana kwamba pesa itarudishwa, lakini kama muuzaji ameshaitumia, unarudishiwa nini?

Kwa hiyo usimtumie broka. Usimtumie muuzaji moja kwa moja. Malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yaani Sh180,000 kwa ploti yetu ya mfano, yaingie kwenye akaunti ya wakili ya pesa za wateja. Mkataba useme wakili atazishikilia na hatamwachilia muuzaji mpaka masharti yatimie. Na wakili mwenyewe mkague. Tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya inaonyesha kama ana leseni ya mwaka huu. Tena awe wakili wako. Yule wa muuzaji ana mteja wake tayari.

Kila sharti liwe na vitu vitatu: nani atalitimiza, kufikia tarehe gani, na lisipotimia nini kitatokea. “Muuzaji atatafuta kibali” ni dua. “Muuzaji ataleta kibali cha Bodi ndani ya siku 90, la sivyo mnunuzi anaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa zote ndani ya siku 14” ni sharti. Na la mkopo ni vivyo hivyo: kama Sacco itakataa ombi langu kufikia tarehe fulani, najitoa bila faini. Usipoliandika hilo, ukikosa mkopo utakuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba, na asilimia 10 yako inaweza kwenda na maji.

Je, kuandikiana kwa mzee wa kijiji hakufai? Kunafaa, kama ushahidi kwamba majirani wanajua. Mzee wa kijiji anaifahamu historia ya shamba kuliko kompyuta yoyote, na mimi ningemwona yeye kwanza kabla ya wakili. Lakini sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi. Karatasi ya daftari iliyochanika katikati, yenye “nimepokea laki mbili”, haisemi lolote kuhusu ‘kama’ zako.

“Lakini wakili ni ghali”

Nimelisikia sana hili, na si uongo. Kuna wakili, serveya, ada za ofisi ya ardhi, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Kama baada ya kuziweka ploti imekushinda, basi bado hujafikia ploti hiyo, na hakuna aibu. Ongeza mwaka mmoja wa akiba, au mnunue watatu kwa jina la chama kilichosajiliwa, mkiwa na mkataba wenu wenyewe.

Utasikia pia: “Ukimwekea mzee masharti, atauza kwa mwingine.” Inawezekana. Muuzaji mwenye haraka atamtafuta asiyeuliza. Mwache aende. Lakini wengi wanaouza Kwale ni watu wazima wenye heshima zao, na kinachowaudhi ni jinsi kijana anavyouliza. Ukifika na miwani ya jua na maneno ya “nipe proofu”, umeshaharibu. Kaa mkekani, amkia, kunywa chai. Kisha sema: “Mzee wangu, shikamoo. Mimi nataka kununua, na nataka nikinunua tubaki watu wa kusalimiana. Karatasi hii inanilinda mimi nisidanganywe, na inakulinda wewe usitoe shamba kabla hujalipwa.” Na hilo la mwisho liwe kweli. Mkataba useme hati haibadilishwi jina mpaka pesa yake yote iwe imethibitishwa kuwepo. Pwani hii imeona wazee wengi wakipoteza ardhi kwa kutia kidole gumba kwenye karatasi wasizozielewa. Usiwe kijana anayeendeleza hayo. Msomee mzee mkataba kwa Kiswahili, au kwa Kidigo kama ndio anaoufahamu zaidi, na wanawe wakiwepo.

Sasa rudi kwenye ile simu. Broka bado yuko hewani, anasubiri laki mbili. Mjibu hivi: “Asante, nimeipenda. Nitumie namba ya hati na nakala ya kitambulisho cha mwenyewe. Jumamosi nakuja kuona vyumba na wapangaji, na nitasalimiana na mzee wa kijiji. Nikiridhika, wakili wangu ataandika mkataba na pesa itaingia kwake.”

Halafu usikilize atakavyojibu. Akikutumia namba ya hati usiku huohuo, lala vizuri, una safari Jumamosi. Akikata simu, bado una laki mbili zako.